Jina Lisilo na Mwenzake

Sauti ya chumbani ililitamka jina la mtoto vizuri kuliko mama yake.

Ilikuwa mchana, saluni imejaa, na mama huyo, msusi ambaye mtaa mzima ulimpigania, alikuwa amefika katikati ya kichwa cha mke wa mwenye duka, tumbo la mteja huyo la miezi minane likiwa limeziba nusu ya kioo. Nyuma ya pazia, alikolala mtoto, mtu aliita. Aliita taratibu, kwa mapenzi, akiivuta silabi ya katikati kwa pumzi ndefu itokayo kooni. Jina lenyewe halitajwi hapa. Itoshe kusema lilikuwa na silabi tatu tu, hakuna aliyewahi kulisikia kwingine, na kila aliyelisikia alilitamani.

"Wifi yako kaja?" mke wa mwenye duka aliuliza.

Msusi hakuwa na wifi. Aliacha kitana kikining'inia nyweleni, akafunua pazia. Chumba kitupu. Mtoto yu macho, kaukodolea ukuta, anacheka. Palinuka maji ya maua yaliyooza, na nyumba nzima haikuwa na ua hata moja.

Tangu siku hiyo jina lilishika kasi. Fundi cherehani wa jirani alimpa mjukuu wake. Mke wa mwenye duka alipojifungua binti, naye akampa hilohilo. Wote walilitamka kwa mkato, kama msusi mwenyewe. Sauti ya ukutani tu ndiyo haikukosea. Na mtoto alijua tofauti: mama akiita, hageuki, ukuta ukiita, anacheka. Kisha akaanza kulikataa titi. Akakonda, wala halii.

"Hivi hili jina ulilitoa wapi?" mumewe, fundi seremala, alinong'ona.

"Wodini, siku ile ya uchungu. Kuna mama alikuwa anamwita mwanawe nje ya dirisha."

"Mke wangu, ile wodi iko ghorofa ya nne."

Mganga waliyemwita alikuwa mwanamke mfupi asiye na maneno mengi. Alinusa chumba, akamgusa mtoto utosini, akarudisha mkono haraka.

"Mmemvika jina lenye mwenyewe," alisema kwa sauti ya chini. "Kila mkiita, mnamkaribisha. Mama, ni wewe wa kumrudishia. Ila ulitamke kama yeye. Ukikosea, atajua umemwita tu."

Msusi alimkumbatia mwanawe, akafungua kinywa, na jina likatoka la mkato kama siku zote, na ukuta ukaanza kutoa jasho, na ile harufu ikamjaa hadi kooni, na mtoto akakakamaa mikononi mwake, baridi, mdomo wazi bila kilio, na karibu kabisa na sikio lake ile sauti ikalitamka tena, polepole, kwa subira, kama inamfundisha, naye akaifuata, akaivuta ile pumzi kutoka mahali ambapo hakujua kama anapo, akaivuta na kuivuta mpaka akaonja damu.

"Chukua jina lako!" alilia. "Niachie mwanangu!"

Pazia lilifutuka kuelekea nje. Mtoto akaangua kilio, kilio hasa cha njaa, akalirukia titi. Kabla jua halijazama alikuwa ameshapewa jina la bibi yake, jina la kawaida kabisa, ukiita sokoni wanageuka kumi.

Kesho yake msusi alikwenda kuwaonya wenzake. Fundi cherehani hakutaka hata kusikia habari yote; alimbadilisha mjukuu jina palepale. Mke wa mwenye duka alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Shoga, sema tu unataka liwe lako peke yako. Nimbadilishe? Na mimi nilivyohangaika, leo ndiyo nimelipatia!"

Akalitamka. Pumzi ndefu, kutoka kooni, bila kosa.

Msusi alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango. "Nani kakufundisha?"

Mwenzake alimshangaa, kisha akamwangalia kichanga wake wa wiki tatu, aliyelala mapajani macho wazi, ametulia tuli.

"Si huyu mwenyewe. Ananirekebisha tangu alfajiri."