Alilichezea Neno la Marehemu Mdogo Wangu

Naitwa Minza, nina miaka ishirini na tatu, sijaolewa, naishi kwa wazazi wangu Sola, wilaya ya Maswa, ambako tunalima pamba na mahindi. Majirani wanasema niliipiga teke bahati yangu. Wasomaji wenzangu, nisikilizeni kwanza, halafu mniambie kama ile ilikuwa bahati!

Yote yalianza kwenye lambo. Huku kwetu ng'ombe wanakunywa lamboni, sisi tunachota maji humo humo, na watoto wakichoka kuchunga wanajitumbukiza humo kuoga. Mdogo wangu Ngasa alijitumbukiza mchana wa jua kali, akaenda mpaka penye kina. Alilia, "Mayu wane! Mayu wane!", yaani mama yangu, kama anavyolia Msukuma yeyote akifikwa na kubwa.

Watu walikuwepo, tena wengi. Walisimama ukingoni wameshika vichwa, maana hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea. Baba alikuwepo. Nami nilikuwepo... Niliisikia sauti ya mdogo wangu mpaka ilipokatika.

Kwa hiyo shangazi yangu wa Mwamanyili aliposema kwamba huko ziwani Busega wanatafutwa vijana wa kufundishwa uokoaji wa majini, sikuomba ushauri wa mtu. Nilifunga nguo zangu nikaenda. Sikutaka kitu kingine duniani ila kuwa mtu ambaye mwingine akilia majini, yeye anaingia.

Jamani, nilikoma! Ziwa si lambo. Tulikimbia mchangani asubuhi, tukaogelea na nguo zetu mwilini, tukajifunza kumvuta mtu mzima aliyelegea, kumbonyeza kifua na kumpulizia pumzi. Nilikunywa maji mpaka nikayazoea kama chai. Mwalimu wetu, mzee mkali mwenye filimbi shingoni, alitupigia kelele jambo moja kila siku: "Dumu kwanza, mwili baadaye!"

Maana yake ni hii. Mtu anayezama ana nguvu za ajabu, akikukumbatia mnakwenda chini wote wawili. Unamsukumia dumu tupu lililofungwa kamba, analishika, wewe unapita nyuma yake na kumvuta. Ukikubali akukumbatie kwa mbele, kwenye mtihani umefeli papo hapo.

Huko ndiko nilikokutana na Maduhu. Alikuwa kijana wa pale pale, mcheshi, mwenye maneno matamu na subira ya kunifundisha kulala juu ya maji bila woga. Nilimpenda, sitaficha. Alishatuma watu kwa baba kuulizia uchumba, na kilichokosekana ni ng'ombe wa mahari tu, kwa sababu hakuwa na kazi.

Sasa, katika mazoezi mmoja wetu huigiza kuzama na mwenzake humwokoa. Siku moja kijana mmoja alipaliwa maji kweli, akawa anapiga kelele, "Nisaidieni, nakufa!" Sisi tukampigia makofi tukisema anaigiza vizuri! Ilibaki kidogo tumzike.

Jioni ile nilitoa wazo. Nilisema, kuanzia leo tuigize kwa Kiswahili, lakini mwenye kuzama kweli aseme "mayu wane". Neno hilo likisikika, zoezi limekwisha, kila mtu aache alichoshika aende moja kwa moja. Wote walikubali. Kwa nini nilichagua neno lile, nilimweleza Maduhu peke yake. Nilimsimulia habari za Ngasa nikilia, naye alinifuta machozi kwa kiganja chake... Kiganja kile kile kilichokuja kupigapiga maji kunihadaa!

Ikafika siku ya mtihani wa vitendo. Ufukwe mmoja wa mapumziko ulikuwa tayari kutuajiri, lakini nafasi zilikuwa chache, kwa hiyo tulipangwa wawili wawili na katika kila wawili angechukuliwa mmoja. Mimi nikapangwa na Maduhu. Nilifurahi kama mjinga! Nilijua kwamba hata nikishindwa, nimeshindwa na mtu wangu.

Nilianza mimi. Maduhu alikuwa majini akipigapiga mikono na kulia kwa Kiswahili, nami niliogelea huku nikilisukuma dumu mbele yangu kama tulivyofundishwa. Nilikuwa nimebakiza kidogo kumfikia. Ghafla sauti yake ikabadilika. "Mayu wane! Minza, mayu wane!"

Wasomaji wangu, ningefanya nini? Sikumwona Maduhu tena, nilimwona Ngasa. Nililiachia dumu, nikamrukia. Akanikumbatia kwa mbele, tukazama wote wawili. Nilipotoa kichwa juu nilisikia filimbi, na msimamizi wa mtihani, mgeni asiyejua Kisukuma hata kidogo, alikuwa ameshakunja uso. Nimefeli!

Nilitoka majini, nikaeleza kwamba ameita neno letu, neno la kweli. Maduhu hakukana. Alicheka! Alisema, "Si nilikuwa naigiza tu? Mtu anayezama asimlilie mama yake amlilie nani?" Msimamizi akacheka. Wenzetu nao wakacheka, wale wale waliokubaliana nami jioni ile.

Zamu yake ilipofika, mimi ndiye niliyeigiza kuzama. Neno lile lilikuja mpaka kwenye ulimi... Nikalimeza. Nilipiga kelele zangu kwa Kiswahili, akaniletea dumu, akapita nyuma yangu, akanivuta vizuri sana. Akafaulu.

Baadaye nilimbana anieleze. Mnajua alijibu nini? "Minza, nimefanya kwa ajili yako. Nikipata kazi nitanunua ng'ombe, nitakuoa. Wewe kazi ya majini ya nini? Si utakuwa mke wangu?" Yaani aliniibia ndoto yangu ili apate mahari ya kunioa mimi mwenyewe! Na aliyasema hayo kwa sauti ya upole, kama mtu anayetegemea kushukuriwa.

Nilipaswa kumwacha siku ile ile. Lakini shangazi alinisihi nitulie, na baba alipiga simu kutoka Sola akifurahia mkwe mwenye kazi. Nikabaki pale ufukweni nikimsaidia shangazi kukaanga samaki na mihogo, huku mwenzangu anapita mbele yangu na fulana nyekundu na filimbi. Kila alipopita, moshi wa jikoni ulikuwa kisingizio changu kizuri cha machozi.

Kilichoniuma zaidi ni lile neno. Tangu siku ya mtihani liligeuka mzaha. Waokoaji wenyewe walitaniana nalo, mmoja akijikwaa mchangani, "Mayu wane!", wanaangua kicheko. Neno la mwisho la mdogo wangu!

Jumapili moja watu walijaa ufukweni baada ya ibada. Maduhu aliogelea kwenda kurekebisha boya la mpaka wa kuogelea, mguu ukanasa kwenye kipande cha wavu uliotelekezwa. Nilimsikia akiita, "Mayu wane!" Wenzake wenye fulana nyekundu walipiga makofi. "Maduhu anaigiza tena!" alisema mmoja. Akaita mara ya pili, wakacheka. Mara ya tatu sauti ilikuwa na maji ndani yake.

Sauti ile naijua. Msinione mwema, sikuingia kwa upendo, niliingia kwa hasira! Nilinyakua dumu tupu la mafuta la shangazi, nikalifunga kamba ya kanga, nikaogelea. Sikumrukia. Nilimsukumia dumu, akalishika, nikapita nyuma yake, nikazama kuunasua mguu, nikamvuta mpaka nchi kavu. Mtihani wote niliufanya sawasawa siku ile, ila hakuwepo wa kunipa cheti.

Bosi wake alikuja mbio kuuliza kuna nini. Maduhu alikohoa, akatapika maji, akanitazama... Kisha akasema, "Hamna kitu, bosi. Lilikuwa zoezi. Nilikuwa nawapima vijana."

Zoezi! Akanikonyeza nimuunge mkono.  Niliokota dumu la shangazi nikaondoka, na kesho yake nilikuwa Sola.

Baba alifoka sana. "Ng'wanawane, mwanangu, kijana ana kazi, ng'ombe wako njiani, unakataa kwa sababu ya neno tu?" Nilimjibu, ndiyo, baba, kwa sababu ya neno. Akauliza ni neno gani hilo. Nikamwambia.  Baba alitazama upande wa lambo, akaingia ndani, na siku ile hakula.

Asubuhi nilimkuta uani anafunga kamba kwenye madumu matupu, bila kunitazama.

Sasa nawafundisha watoto wa kijiji kuogelea lamboni. Sina cheti wala fulana nyekundu. Baba hukaa ukingoni kuwachunga, na mtoto akiropoka "mayu wane" kwa mzaha, ni yeye anayemtoa majini na kumrudisha nyumbani.

Dada zangu, kaka zangu, nawasihi. Mtu ukimfungulia kidonda chako naye akakitumia kukupita, usingoje aje na ng'ombe. Ondoka siku ile ile! Mimi nilichelewa, na sasa kila ninapomsikia mtoto akimwita mama yake lamboni, inanibidi nisikilize mara mbili. Ngasa alikuwa na neno moja tu, nami nilimpa Maduhu alichezee.