Hai, Dai, Bai

Bibi Mito alishona mito ya kulalia, ndiyo maana watu wakamwita hivyo. Kutwa alikaa sebuleni, cherehani mbele yake na gunia la pamba ubavuni. Nyumba ilikuwa yake mwenyewe. Chumba kimoja alilala yeye, na kingine alilala mwanawe na mkewe. Mwanawe alikuwa dereva wa malori, leo yupo kesho hayupo. Basi mara nyingi nyumba ilibaki na wanawake wawili, mama mtu na mkwewe.

Mkwe alifua mashuka hospitalini. Alitoka asubuhi, akarudi alasiri. Wawili hao walipatana vizuri, walitaniana hata majirani wakawaonea wivu.

Lakini wiki moja mkwe alibadilika. Alirudi kazini, akasalimu kwa mkato, akaingia chumbani na kufunga mlango. Chakula alikidonoadonoa tu.

"Unaumwa, mwanangu?" Bibi Mito aliuliza.

"Siumwi, mama. Uchovu tu."

Jumatatu, Bibi Mito alisimamisha cherehani abadilishe uzi. Nyumba ikawa kimya. Ndipo aliposikia sauti ya mkwewe ng'ambo ya ukuta. Ilikuwa sauti ya chini, ya mtu asiyetaka kusikiwa.

"Hai... dai. Hai... dai... bai."

Bibi Mito alitega sikio. Nani yu hai? Nani anadai?

Jumanne ikawa yale yale. "Hai, dai, bai." Bibi Mito aliendelea kushona, lakini akili yake ilikwenda mbali. "Mwenye nyumba ni mimi," aliwaza. "Niko hai. Wao wanaanza kudai. Kisha mimi bai, kwaheri ya kuonana!"

Alichukua hati ya nyumba sandukuni, akaitia ndani ya mto na kuushona pande zote. Usiku huo akaulalia. Kisha asubuhi akampigia simu mwanawe.

"Mkeo anaipigia hesabu nyumba yangu," alisema.

"Mama! Umemuuliza?"

"Mwizi huulizwa?" Akakata simu.

Jumatano hiyo hiyo aliokota karatasi sakafuni, mlangoni kwa mkwe. Bibi Mito alijua kusoma. Alijifunza ukubwani, darasa la jioni. Lakini maneno haya yalimshinda: *high, dry, dye, die, eye, buy.* Hakungoja. Alijitanda khanga, akaenda duka la dawa la jirani. Muuzaji wake aliitwa Mama Dawa, na kazi yake ilimzoesha kusoma Kiingereza cha kwenye chupa na maboksi.

"Nisomee hii," alinong'ona. "Usinifiche kitu."

Mama Dawa alivaa miwani. "Hai, drai, dai, dai, ai, bai."

"Hayo hayo! Yana maana gani?"

"Hili la nne, *die*, ni kufa."

Bibi Mito alishika kaunta. "Nilijua! Wanataka nife!"

"Ngoja kwanza, bibi. Umesikia neno moja, umeshazika watu? Haya ni Kiingereza. *High* ni juu, au kiwango kikubwa, kama moto mkali. *Dry* ni kavu, au kausha. *Dye* hili lenye *y* katikati ni rangi ya kutia nguo. *Eye* ni jicho. *Buy* ni kununua. Yanalingana mwishoni, basi. Ni vina."

"Kama yanalingana, si yana undugu?"

"Wewe ni mshonaji. *Uzi* na *mbuzi* vinalingana mwishoni. Utashona mto kwa mbuzi?"

Bibi Mito alitaka kucheka, akajizuia. Shaka haikumtoka yote. "Basi kwa nini anajificha?"

"Anayejua ni yeye. Twende tukamuulize."

Walimkuta mkwe amekaa kitandani. Alipoiona karatasi mkononi mwa mama mkwe, machozi yalimlengalenga.

"Mama, niliogopa utaniona mjinga," alisema. "Kazini mashine ina kitufe cha *dry*, cha kukaushia. Wiki iliyopita likaja dumu jipya, limeandikwa *dye*. Mwenzangu akalisoma, dai. Katika kelele za mashine nikasikia drai. Nikadhani ni dawa ya kukaushia, nikamimina, kumbe ni rangi ya kutia nguo za upasuaji. Mashuka arobaini meupe yakatoka kijani. Ijumaa msimamizi atanipima kwa maneno ya kazini. Nikikosa, kazi sina."

Bibi Mito aliona haya mpaka masikioni.

"Wewe uliogopa nitakuona mjinga," alisema taratibu. "Mimi nilikuona mwizi. Hati ya nyumba nimeishonea ndani ya mto, mwanangu, na mumeo nitampigia simu nimwambie nilikosea. Nisamehe."

Mkwe alimtazama kwa mshangao. Halafu akaangua kicheko, na Bibi Mito naye akashindwa kujizuia.

Mama Dawa alikaa. "Unajifunzaje maneno haya?" aliuliza.

"Nayaimba yote kwa mfululizo, ya kazini na mengine yenye sauti kama hizo. Hai, dai, bai. Yanakaa kichwani."

"Sauti imekaa, lakini maana imekuponyoka. Vina vinasaidia ulimi, havikwambii kitu ni nini. Kila neno lishike na kitu chake. Shuka lililoanikwa likakauka, liguse, sema *dry*. Gusa jicho, sema *eye*. Kisha tazama herufi zote, usiishie kwenye sauti. *Dye* na *die* zinasikika sawasawa kabisa. Sikio halitakusaidia, ila jicho. Na dumu lenye lebo usiyoielewa, usilifungue. Uliza."

Jumatano hiyo na Alhamisi Bibi Mito hakushona sana. Aliandika maneno kwenye vipande vya kitambaa, kimoja kimoja, akavichanganya. Kila mkwe alipojibu, yeye alikaza macho.

"Una hakika? Nani kakwambia? Nionyeshe kitu chenyewe!"

"Mama, una maswali kama polisi."

"Jibu, mshukiwa."

Ijumaa alasiri Bibi Mito alisimama mlangoni tangu saa nane. Mkwe alikuja mwendo wa pole, uso haumwambii mtu kitu. Bibi Mito akamwahi kabla hajaingia.

"Wamekufukuza?"

"Ngoja nikae, mama." Mkwe alivua viatu. "Alinionyesha maandishi ya mashine, nikajibu yote. Alinipeleka kwenye madumu, nikajibu yote. Mwisho akageuka ukutani, akasema neno moja tu: 'Dai. Maana yake nini?'"

"Ukasema rangi?"

"Hapana."

"Ukasema kufa!"

"Hapana, mama. Nilimwambia, 'Siwezi kujua mpaka nilione limeandikwaje.'"

Bibi Mito aliziba mdomo kwa khanga. "Akasemaje?"

"Aligeuka, akawatazama wenzangu waliokuwapo, akasema, 'Hilo ndilo jibu. Laiti wote mngeuliza hivyo.' Jumatatu naanza kubandika karatasi za Kiswahili kwenye madumu yote, ili asikosee mwingine."

Bibi Mito alimkumbatia mkwewe, kwa nguvu, mpaka yule akalalamika mbavu.

Mwezi ukapita, mashuka ya hospitali yakatoka meupe kila siku. Wafuaji watatu, wenzake mkwe, wakaanza kuja kila Jumamosi kwa Bibi Mito kujifunza maneno hayo. Walikaa juu ya magunia ya pamba na kusoma kwa sauti kubwa, milango yote wazi. Jumamosi ya kwanza mmoja wao aliuliza, "Bibi, nisipolijua neno kabisa, nifanye nini? Naona aibu kuuliza."

"Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja," Bibi Mito alijibu. "Mimi sikuuliza, nikaishi siku mbili nikimwogopa mtoto wangu mwenyewe. Haya, soma neno linalofuata."