Mlango wa Ghala la Maharage

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Salama alifagia uwanja na Sandrine akafanya mengine yote. Alichota maji bombani, akasugua masufuria, akawasha mkaa na kuchemsha chai ambayo yeye alikunywa mwisho, kama imebaki.

Sandrine alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Yeye na mama yake, Marceline, walikimbia vita Kivu ya Kusini, wakavuka mpaka na kupanga chumba mjini Muyinga, nyuma ya nyumba ya Uthmani, baba yake Salama. Marceline aliuza vitenge. Mara kwa mara alipanda basi kwenda soko la Gitega na kulala huko, akimwacha binti yake chini ya uangalizi wa Riziki, dada yake Uthmani. Riziki ndiye aliyeshika nyumba tangu mama yake Salama alipofariki.

"Nimekupa chakula, nimekupa pa kukaa," Riziki alizoea kumwambia Sandrine. "Usinionyeshe uso wa kununa."

Salama hakumtesa Sandrine, lakini hakumtetea pia. Walisoma darasa moja. Njiani Salama alitangulia na rafiki zake, Sandrine akafuata nyuma peke yake, na rafiki hao wakiiga namna anavyosema "mi" na "iko" kwa Kiswahili cha kwao, Salama alicheka pamoja nao.

Uthmani alikuwa mfanyabiashara wa mahindi na maharage. Ghala lake lilikuwa kando ya jiko: chumba cha matofali chenye paa la bati, dirisha dogo lililozibwa kwa ubao, na mlango wenye komeo upande wa nje. Watoto walikatazwa kuingia humo. Juu ya rafu lilikaa kopo la vidonge vya kufukizia nafaka ili wadudu wafe. Kopo lilichorwa fuvu la kichwa cha mtu, na kifuniko chake kilikuwa kimeanza kulegea. Uthmani alijua kwamba si mahali pake, lakini kila siku alisema atalihamisha kesho.

Jumamosi moja, wakati wa mvua, Uthmani alikwenda Makebuko kununua maharage, na Marceline alikuwa soko la Gitega. Riziki alikuwa kwa jirani akisukwa nywele. Salama alijua kwamba shangazi yake huficha biskuti kwenye rafu ile ile ya ghala. Akafungua komeo, akapanda juu ya magunia na kunyoosha mkono. Kiwiko chake kiligonga kopo. Lilianguka, kifuniko kikaruka, na vidonge vya kijivu vikatawanyika sakafuni, vingine hadi pembeni palipokuwa pamelowa kwa sababu bati lilikuwa linavuja.

Punde si punde harufu kali ilipanda, kama ya kitunguu saumu kilichooza. Salama alikohoa. Alilirudisha kopo tupu juu ya rafu, akatoka na kufunga mlango.

Riziki aliporudi, harufu ilimfikia uani. Alifungua ghala, akachungulia, akafunga tena kwa kishindo.

"Nani ameingia humu?"

Salama aliutazama ufagio ambao shangazi yake alikuwa ameuokota uani. Aliyajua maumivu ya mpini wake.

"Sandrine," akasema.

Sandrine alikuwa amechuchumaa kando ya bomba, mikono imejaa povu la sabuni. Aliinua kichwa. "Si mi, shangazi! Mi sikuingia kule. Salama, sema ukweli!"

Salama alitazama chini.

"Mwizi na mwongo!" Riziki alimvuta Sandrine sikio mpaka mlangoni pa ghala. Akachukua ndoo ya maji na kitambaa, akavitupa ndani. "Utapangusa sakafu yote. Sitaki kuona hata kidonge kimoja."

"Inanuka vibaya, shangazi. Kichwa inaniuma tayari."

"Ni dawa ya wadudu. We ni mdudu?"

Akamsukuma ndani, akafunga komeo ili asitoroke, kisha akaenda jikoni kukatakata vitunguu.

Kwanza Salama alisikia kitambaa kikisugua sakafu. Kisha kikohozi. Kisha viganja vikipiga mlango.

"Fungueni! Siwezi kupumua! Salama, iko hapo? Fungua!"

"Anajifanya," Riziki alisema kutoka jikoni. "Ukimfungulia, utaingia wewe."

Salama alisogea karibu na mlango. Aliweka mkono juu ya komeo na kuuacha hapo. Aliwaza kwamba Sandrine akitoka atasema tena kuwa si yeye, na safari hii huenda shangazi akamsikiliza. Ndani, sauti ilipungua. Viganja vilipiga polepole, halafu kucha zikakwaruza ubao, halafu kukawa kimya.

Kimya kile kilimtisha kuliko ufagio. Salama alivuta komeo. Sandrine, aliyekuwa ameegemea mlango, aliangukia nje kifudifudi, midomo imegeuka rangi, matapishi yamemwagika kifuani. Nyuma yake moshi mwepesi ulitambaa juu ya sakafu yenye maji. Salama alipiga ukelele uliosikika mtaa mzima.

Majirani wakaja mbio, wengine wameshika ndoo. "Mwageni maji, mwageni!" mtu mmoja alipaza sauti. "Ghala linaungua!"

"Hapana! Wekeni ndoo chini!"

Aliyesema hivyo alikuwa Imelda, ofisa wa kilimo wa komine, yaani tarafa yao; watu walimwita bwana shamba ingawa alikuwa mwanamke. Aliishi nyumba ya pili kutoka pale. "Vidonge hivi vikiguswa na maji vinatoa hewa ya sumu. Mnataka kutuua sote? Mtu asiingie humo. Mlango uacheni wazi, na kila mtu asogee kule upepo unakotoka."

Aliamuru Sandrine abebwe hadi barabarani penye hewa safi. Akajifunga mifuko ya plastiki mikononi, akamvua nguo zilizolowa na kuziacha huko huko, akamfunika kwa kitenge. Alipiga simu kwa watu wa uokoaji, akawatuma vijana kuzitoa familia katika nyumba za karibu. Dominiko, dereva wa teksi, akaleta gari lake, akampakia Sandrine pamoja na Riziki na Salama; Imelda akabaki kuwangoja waokoaji.

Hospitalini daktari aliuliza mtoto amepatwa na nini.

"Alikula mihogo michungu," Riziki alijibu haraka. "Hawa watoto wana njaa, wanaokota chochote."

Daktari alianza kuwaeleza wauguzi la kufanya. Salama alimwona Sandrine kitandani, kifua kikipanda na kushuka kwa taabu.

"Si mihogo," Salama akasema. "Si mihogo, dokta! Ni vidonge vya ghalani. Mimi ndiye niliyevimwaga. Nikasema ni yeye. Shangazi akamfungia humo na maji."

Riziki alimpiga kofi mbele ya watu wote. "Umeniuza, mtoto wewe!"

Daktari alimtoa Riziki nje. Kisha akamgeukia Salama bila tabasamu. "Ungenyamaza zaidi, ningetibu ugonjwa usiokuwepo. Lakini jua hili pia: hatuna dawa ya kuiondoa sumu hii mwilini. Tutamsaidia apumue, tutaulinda moyo wake, kisha tungoje."

Jioni waokoaji walifika nyumbani wamevaa barakoa zenye vichujio na glavu. Waliliacha ghala wazi mpaka hewa ikabadilika, wakafunika vidonge vilivyobaki kwa mchanga mkavu, wakavikusanya na kuvipeleka mbali na makazi ya watu. Uthmani aliporudi kutoka Makebuko alikuta ghala liko wazi na polisi, walioarifiwa na daktari, wakimchukua dada yake. Aliulizwa kwa nini aliweka sumu katika nyumba yenye watoto.

Sandrine hakufa. Lakini alipotoka hospitalini moyo wake ulikuwa umedhoofika. Akipanda kilima kidogo tu alikaa chini kupumua. Mama yake hakutaka kukaa tena katika chumba kile. Alifungasha vitenge vyao, akahamia mtaa wa Yoba, mjini Gitega.

Wakati wa likizo Uthmani alimpeleka Salama huko. Walimkuta Marceline mlangoni akikunja nguo. Uthmani aliweka chini gunia la mchele.

"Mama Sandrine, tumekuja kuomba radhi. Kosa la kuweka sumu ni langu. Hili lingine, mtoto atalisema mwenyewe."

Salama alipiga magoti. Kabla hajafungua kinywa, Sandrine alitokea nyuma ya mama yake. Alikuwa amekonda.

"Nilikuwa nakusikia," Sandrine alisema. "Ulikuwa pale nyuma ya mlango. Nilisikia vile ulikuwa unapumua."

Salama alilia. "Nisamehe, Sandrine."

Sandrine aligeuka, akarudi ndani.

Marceline hakumkaripia Salama. Hakumwinua pia.

"Mtoto yangu atakusamehe siku yeye atataka," alisema. "Mi siwezi kumlazimisha, na we usimulazimishe. Mchele wenu mrudi nao." Akaacha kukunja nguo. "Bon, sikiliza, Salama. We uliogopa fimbo. Kila mtoto anaogopa fimbo, hata mi niliogopa. Lakini fimbo inauma, halafu inapita. Ungesema pale pale kwamba kopo imeanguka, shangazi yako angekupiga, ungelia, na kesho yake mungeenda shule wote wawili. Ulipotaka mwingine aumie mu nafasi yako, hukuchagua ataumia kiasi gani. Hakuna mtu anaweza kuchagua hiyo. Siku ingine ukikosea, sema mbio, hata kama unatetemeka."

"Ndiyo, mama," Salama alinong'ona.

"Sasa simama. Endeni, mvua inakuja."

Uthmani alilibeba gunia begani, akamshika bintiye mkono, wakaanza kuteremka kuelekea kituo cha basi.