Upenyo wa Ba Kaddur

Jua lilikuwa linazama nilipotoka uani kuchuma nanaa ya chai. Nanaa haikuwepo. Vilibaki vijiti tu, na katikati ya vijiti walisimama kuku wa Ba Kaddur, wakinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeingia kwao bila hodi.

"Ba Kaddur!" nikapaza sauti. "Kuku wako wamemaliza nanaa yangu!"

Sauti ikanijibu kutoka ng'ambo ya ua. "Basi kunywa maji moto. Utapungua hayo makalio."

Huyo ndiye jirani tuliyemkuta tulipohamia huku nje ya mji wa Sefru. Kati yetu na yeye ulikuwepo ua wa mipungate, mkongwe na mrefu kuliko mtu. Matunda ya upande wake ni yake, na ya upande wangu pia ni yake. Moshi wa tanuri langu unamuudhi. Kikohozi cha mume wangu kinamuudhi. Mtu akisogelea ule ua jioni, anarushiwa mawe.

Na huo ua ulikuwa na upenyo. Palepale karibu na kisima chetu kikavu, mipungate iliachana kiasi cha mtu kupita kwa ubavu. Mume wangu, Bushta, aliwahi kutaka kupaziba, mzee akamjia na jembe. Kila jioni, adhana ya magharibi ikiisha, Ba Kaddur huja na bakuli la uji wa shayiri, akaliweka upande wake wa upenyo, akaondoka haraka.

"Wa kuku," aliniambia nilipomuuliza. Saa hiyo kuku walikuwa wameshalala.

"Mwache, mke wangu," Bushta alisema usiku ule nilipomlalamikia kuhusu nanaa. "Mzee wa watu, peke yake. Mkewe alimkimbia."

Ni kweli, watu walisema Rkiya, mke wa Ba Kaddur, alitorokea Kasablanka na muuza vitambaa kabla sisi hatujafika.

"Hata mimi ningetoroka," nikasema. "Hata bila muuza vitambaa."

Bushta akacheka. Ni mtu mpole mno, mume wangu. Sijawahi kumsikia akimtukana hata punda. Nasema hivi ili ujue nilikuwa na nini cha kupoteza.

Kesho yake Ba Kaddur alikwenda sokoni na akachelewa kurudi. Nikakata matawi ya mkunazi yenye miiba, nikayashindilia kwenye upenyo, nikafunga kwa waya. Adhana ya magharibi ikanikuta bado nakaza. Ilipoisha nikafanya kama mama yangu alivyonifundisha: ukifunga au ukifungua mahali popote nyumbani, unamwaga chumvi kwa jina la Mungu, ili wale wa chini ya ardhi wasivuke. Nikaimwaga nyingi, kutoka shina hadi shina.

Nikasimama hapo mikono kiunoni, nangoja matusi.

Ba Kaddur alikuja. Nilizisikia ndara zake zikisimama upande wa pili. Hakutukana. Alikuwa akihema...

"Mahjuba," aliita, taratibu, kama mtu anayemwita mgonjwa. "Umefunga kabla ya adhana... au baada?"

"Baada. Kwani vipi?"

Nilizisikia ndara zake zikirudi nyuma hatua moja.

Kisha nikasikia bakuli likianguka na kuvunjika.

Jioni iliyofuata Bushta alionja supu ya harira, akaitema.

"Umemwaga kopo zima la chumvi?"

Nilikuwa nimetia kama siku zote. Kesho yake mkate nao ukawa na chumvi mno. Nikapunguza. Nikaacha kabisa. Bado alikuwa akifuta ulimi kwa kiganja, na mashavu yake yakaanza kuingia ndani.

Halafu akaanza kuchukua kigoda chake magharibi, akaenda kukaa kando ya kisima.

Nilikuwa jikoni nilipoisikia ile harufu. Ubani. Na chini ya ubani, harufu ya tope bichi, kutoka kwenye kisima ambacho hata chura alikihama. Nikamsikia mume wangu akicheka kwa sauti ya chini, kama anavyocheka na wageni.

Nikatoka. Alikuwa peke yake. Kiganja chake kilikuwa wazi, na juu yake palikuwa na makombo ya mkate mweusi ambao sikuuoka mimi.

"Unaongea na nani, mume wangu?"

"Na jirani," alisema bila kunitazama. "Mama mmoja mpole sana. Anasikia baridi."

Nikatazama chini.

Vumbi lilikuwa na nyayo. Nyayo za maji. Zilikizunguka kigoda chake pande zote, nyingi, kubwa na ndogo, zikaenda hadi kwenye miiba ya mkunazi, zikasimama mbele ya chumvi... zikarudi.

Sikumbuki nilivyofika barabarani. Nakumbuka tu nimesimama mbele ya mlango wa Ba Kaddur, ambao sikuwahi kuugonga maisha yangu. Hata siku ile sikuugonga. Aliufungua kabla.

"Ameshakula?" aliuliza.

Nikaanza kulia. Mimi, ambaye nilikuwa nimejiapiza kwamba yule mzee hataliona chozi langu.

"Ni wenye mahali, wale wa chini ya ardhi," alisema. "Wanatoka kisimani kwenu magharibi, wanapita upenyoni, wanakula uji wangu usio na chumvi, wanarudi. Babu yangu aliwawekea, baba yangu aliwawekea. Wewe umemwaga chumvi wakiwa wameshatoka. Kwangu hawafiki, kisimani hawarudi na njaa. Na wakikosa cha kuwekewa, wao ndio hukaribisha. Ukila chao, wanaondoka na wewe."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Ningekwambia wewe?" Alitabasamu kidogo. "Mtu akinichukia hakai karibu na ule ua jioni. Ilitosha. Rkiya ndiye hakunichukia. Siku moja nilisahau bakuli. Akaketi nao, akala."

"Watu wanasema Kasablanka..."

"Ingekuwa Kasablanka ningemlaani, nikalala usingizi wangu." Akaelekeza kidole kwenye ua. "Kila jioni namsikia akipita. Ana bangili moja ya fedha, inagonga. Sasa hivi yuko kwako, upande wako wa ua. Na mimi sisikii kitu."

Nikataka kumwomba msamaha. Nikamwambia tu, "Mrudishe mume wangu, mzee."

"Kesho, kabla ya adhana," alisema. Akaingia ndani kutayarisha shayiri.

Kesho yake, kabla ya magharibi, tuliing'oa miiba, yeye upande wake, mimi upande wangu. Nikaifagia chumvi hadi udongo ukabaki mtupu. Ba Kaddur akaweka bakuli jipya chini.

"Mshike mumeo," alininong'oneza kupitia upenyo. "Jina lake usilitaje. Ukilitaja, na wao watalijua."

Adhana ikaisha.

Ubani ukaja kwanza. Kisha tope. Kisha...

Chap. Chap. Chap.

Miguu mitupu, yenye maji, ikipita kushoto na kulia kwangu. Nguo iliyolowa ikanigusa goti. Nilikuwa nimemkumbatia Bushta kwa nyuma, pale kigodani, nimefumba macho kama mtoto. Nikasikia bangili. Mlio mmoja mwembamba, karibu kabisa na sikio langu.

"Twende," sauti ya mwanamke ilinong'ona. "Chakula kimeshaiva."

Bushta akasimama.

Mume wangu anayepumzika akibeba ndoo moja alininyanyua mzima mzima, akaniburuta hadi kwenye upenyo. Visigino vyangu vililima ardhi. Miiba ya mpungate ikanichana mikono. Nilitaka kupiga kelele jina lake. Nikaling'ata.

Ndipo nikamwona Ba Kaddur, upande wa pili. Alikuwa bado hajaondoka. Aliketi chini taratibu kwa magoti yake mabovu, akachovya vidole ndani ya bakuli lililokwisha kuwa lao, akala.

"Rkiya," alisema. "Mwachie mwenzio mumewe. Wako mimi hapa."

Bangili ikanyamaza.

Bushta akaniangukia.

Nilipoinuka, ng'ambo hapakuwa na mtu. Palikuwa na bakuli, limelambwa likang'aa, na jozi ya ndara.

Walimtafuta Ba Kaddur wiki nzima. Waliteremsha mtu kisimani, akakuta mchanga mkavu. Mwisho wakasema amemfuata mkewe Kasablanka, wakaridhika. Bushta aliomba supu, akaitia chumvi mwenyewe. Hakumbuki chochote. Nami nikaanza kupika uji wa shayiri. Kila jioni naupeleka, nauweka ng'ambo ya upenyo, naondoka sikai. Mara moja moja, nikiwa mlangoni, nilisikia bangili ikipita, na kando yake mzee akisafisha koo. Niliwaonea wivu kidogo, Mungu anisamehe.

Kisha akaja Anwari, mpwa wa Ba Kaddur, kutoka Rabati, kurithi nyumba. Kijana ana adabu zake. Alikuja na mkewe Ibtisamu, wakaniletea sukari na kitambaa.

"Shangazi," alisema, "tunataka kujenga ukuta mzuri wa matofali badala ya hii miiba. Gharama zetu. Tusisumbuane."

Nilimrushia kiatu.

Nimemwita mwizi wa ardhi mbele ya mafundi. Nimewavunjia matofali kwa nyundo. Nimemwaga maji machafu kwenye msingi. Siku moja nilimweleza ukweli wote, tangu mwanzo hadi mwisho. Alinisikiliza, akanishika bega, akasema anamfahamu daktari mmoja mzuri Fesi. Wanawake kwenye tanuri la mtaa wanasema nimerithi kisirani cha yule mzee, na naona wanavyosogea nikikaa.

"Nimekukosea nini, mama yangu?" Anwari aliniuliza juzi, machozi yakimlengalenga.

Nikamwambia mama yake alikuwa mwizi wa mbuzi. Ningemwambia nini?

Leo mkuu wa mtaa alikuja na askari, wakasimama kati yangu na mafundi mpaka upenyo ukazibwa. Adhana ya magharibi ilikuwa imeshaisha walipoweka tofali la mwisho. Ibtisamu, binti aliyelelewa vizuri, akapita na kikombe chake akinyunyiza chumvi chini ya ukuta kwa jina la Mungu, huku akinitabasamia. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka.

Nimerudi ndani. Nimeandaa chakula. Bushta ameingia kutoka uani akijifuta mdomo kwa nyuma ya mkono.

"Usinipakulie, mke wangu," amesema. "Nimeshakula."