Nyaya Kumi na Moja

Kila asubuhi nikishateka maji na kumwachia Bibi chai yake, hukatiza kwenye migomba yetu na kushika njia ya kwenda Ndama hadi shuleni. Naitwa Kokuhirwa, niko kidato cha pili, na mambo ya umeme nayapenda kuliko kula. Muhula huo kengele ya kwanza ilinikuta nimeshafika karakana kila siku.

Shule yetu ya ufundi ilikuwa imepata mkono wa roboti, mtumba kutoka kiwanda kimoja cha mbali. Ulikuwa wa chuma, mrefu kunipita, wa kunyanyua magunia. Akili yake haimo mkononi, imo kwenye kabati la kuongozea. Kati ya kabati na mkono hupita nyaya: nene za kupeleka umeme kwenye mota na breki, nyembamba za kurudisha habari za jinsi mkono ulivyokaa. Zilikuwa fupi, mita tatu tu. Mwalimu Mackrine, anayetufundisha umeme, alitaka kabati likae nje ya uzio uliozunguka mkono ili anayeliwasha asipigwe na mkono. Basi ikabidi nyaya ziongezwe zifike mita kumi.

Zilikuwa arobaini na mbili. Kila mmoja tuliuunga, tukaufunika na kuupa namba kwenye ncha zote mbili. Kazi ya kupima nilipewa mimi na Privatus. Yeye alibana ncha za upande wa kabati, mimi nikagusa za upande wa mkono kwa mita ya kupimia umeme. Mita ikilia, waya uko sawa, naweka tiki kwenye karatasi. Mwalimu alisema hatawasha kitu mpaka aone sahihi zetu sisi wawili.

Tulikuwa tumemaliza waya wa thelathini na moja zilipokuja habari kwamba mzee Kamugisha, babu yake Privatus, amefariki. Kwetu msiba ukiingia, jembe linalala. Halimi mtu wala hagongi nyundo mpaka marehemu azikwe. Tulifunga karakana, tukaenda kukata majani ya migomba, kuchota maji na kupasua kuni. Mzee alizikwa kesho yake kando ya mibuni yake. Nililia sana, maana alizoea kuniita fundi wake.

Baada ya maziko tulirudi shuleni, Privatus akabaki msibani na ndugu zake. Ilikuwa imebaki siku moja tu kabla ya mkono kuwashwa mbele ya wazazi. Ningeweza kumwomba Benitha, mwenzetu wa darasa, anishikie upande wa pili. Sikutaka. Alikuwa amenitania mbele ya watu kwamba mimi na Privatus tunapima kwa mwendo wa konokono, nami kiburi changu nakijua mwenyewe. Nikajiambia, kama thelathini na moja zimelia, hizi kumi na moja zina nini? Nikaziwekea tiki zote. Nikasaini. Kisha, Mungu anisamehe, nikasaini na jina la Privatus.

Siku ya kuwasha, wazazi walijaa kwenye mabenchi. Privatus naye alikuja, macho bado mekundu. Mwalimu aliisoma karatasi yetu, akaridhika. Alimwambia Benitha asimame kwenye kabati, halafu yeye akafungua mlango wa uzio. Alitaka kusimama karibu na mkono, aone kila kiungo kinavyoamka.

"Mwalimu, usiingie," nikasema. "Nyaya kumi na moja hazikupimwa. Na Privatus hakusaini. Nilisaini mimi."

Privatus aliniangalia tu, na hilo liliniuma kuliko fimbo. Mwalimu alirudi nyuma, akafunga uzio, akawaomba wazazi radhi kwamba watasubiri. Wengine walinung'unika, kwa kuwa walikuwa wametoka mbali, Nyakasimbi, kwa miguu.

Mimi na Privatus tulianza upya kwenye waya wa kwanza. Mita ililia, ikalia, tukapita thelathini na moja, nikaanza kupata matumaini. Kwenye waya wa thelathini na sita ikanyamaza. Mwalimu akafuatilia, akakuta umepishana na wa thelathini na saba, nao ndio wa breki ya bega la mkono. Alitueleza kwa sauti ya chini kwamba breki ingeweza kuachia kabla mota haijashika, na chuma chote kile kikashuka. Nilikaa sakafuni, nikalia bila kujali nani ananiona.

Tulirekebisha, tukapima tena zote kwenye karatasi mpya. Nilisaini. Privatus hakushika kalamu haraka, alikagua tiki zangu moja moja, ndipo akasaini kwa mkono wake. Nilimwomba msamaha. Akasema amesikia.

Mwalimu Mackrine akachuchumaa mbele yangu. "Msiba ulisimamisha kazi, na hiyo ni heshima," akasema. "Ungeniambia zimebaki kumi na moja, nisingekulaumu. Lakini tiki ni neno lako, Kokuhirwa. Mtu akishaisoma, anaweka kichwa chake chini ya neno hilo. Usiandike usichokifanya, hata kama hakuna anayekuona."

Akaichukua karatasi, akaisoma hadi mwisho. Kisha akafungua mlango wa uzio, akaingia, akasimama karibu na mkono, akaniambia niwashe.