Kushoto ni kwa Bibi

Sikudhani, jirani yetu hapa Hombolo, anadai alimwona Meshack wangu kwa macho yake mawili. Alikuwa amekwenda Chang'ombe kununua vitenge, akamkuta barazani kwa mwanamke mmoja, wamekaa bega kwa bega, mwanamke kashika darubini anatazama kunguru juu ya bati. Kunguru, alisisitiza. Meshack anamshika kidevu, anamgeuza taratibu.

Sikumwamini. Sikudhani huyu huyu ndiye aliyetangaza msiba wa mjomba wangu mwaka jana, mjomba mwenyewe yuko Chemba anauza mbuzi.

Tena Meshack alishaahidi: wageni wa mwezi wa kumi na moja wakiondoka tu, barua ya posa inafika kwa baba. Mama alishanunua vikombe vipya.

Kazi yetu ilikuwa ndege. Huko Ulaya joto likiisha, korongo na keremkerem wanakuja kwetu, na watu wanawafuata kuwatazama bwawani. Meshack ana Kiingereza. Mimi nina darasa la saba na macho. Utotoni nilipandishwa kwenye ulingo shambani kuamia ndege wasimalize uwele, nikawajua hata kabla hawajatua. Pale juu, kushoto kwangu ilikuwa nyumba ya bibi, kulia kisima. Meshack akaipenda hiyo. Tukaifanya lugha yetu, waongozaji wengine wasituwahi: nikinong'ona "kwa bibi", yeye anawageuza wageni kushoto.

"Hii ni yetu wawili," aliniambia. "Mwanamke mwingine simfundishi, labda mke wangu."

"Mkeo nani?"

"Anaijua tayari."

Tukacheka.

Jumamosi ile alileta wazungu wanne na dada mmoja wa ofisini, Devota, kavaa viatu vyeupe. Akasema huyu ni mgeni kabisa, hajawahi kutoka kutazama ndege, tumvumilie. Devota akanisalimia vizuri, akaniita mdogo wangu.

Tukajibanza kwenye matete. Meshack alikuwa nyuma anahangaika na mzungu mmoja aliyenasa kwenye miiba. Keremkerem wakatua juu ya mgunga, nami kwa mazoea tu nikanong'ona:

"Kwa bibi. Juu."

Meshack hakusikia. Devota akanyanyua darubini, akageuka kushoto, juu.

"Jamani, wazuri," akasema.

Wazungu walikuwa bado wanatazama mbele. Mimi ndege sikuwatazama tena. Nilimtazama yeye mpaka akashusha darubini.

"Dada, umejuaje kwa bibi ni kushoto?"

"Si Meshack alinifundisha. Ni maneno ya kwao, ya bibi yake."

"Bibi yake."

Meshack alishafika, anafuta kioo cha darubini ambacho hakikuwa na vumbi.

"Ruthu, tufanye kazi kwanza. Tutaongea."

Devota akatutazama mmoja mmoja. "Kwani huyu ni nani wako? Mimi wiki mbili zijazo unanivisha pete. Huyu ni nani?"

Na mimi nikasubiri jibu. Korongo wakapita juu yetu, wengi, na Meshack akanyoosha mkono, akaanza kuwaelezea wageni korongo.

Nikavua shingoni mwangu darubini aliyoniazima, nikaitundika kwenye mgunga, nikarudi kwa miguu.

Nyumbani Sikudhani hakunicheka. Alikaa nami tukachambua mlenda. Alisema tu kwamba kuna kitu alikosea, labda hakuwa kunguru, alikuwa njiwa.

Jumatatu ukaingia ujumbe wa Meshack: "Ruthu nisamehe. Nina wageni kumi, na bila wewe sioni kitu. Njoo kikazi tu."

Nilichukua muda kuandika.

"Siji. Nakuomba kitu kimoja. Mwambie Devota kushoto aite kushoto. Yule bibi ni wangu, na amekufa hajakujua."

Alama mbili zikageuka bluu. Pale juu ikaandika kwamba anaandika. Ikafutika.

Leo ni siku ya nne.