Mama Anapopata Kiu

Kila Jumapili jioni, vyombo vikishaoshwa, mama yake Chiriku alikaa karibu na televisheni, rimoti mkononi. Chiriku na mdogo wake walijipanga mkekani. Kilichowakusanya kilikuwa kipindi kuhusu maisha ya mwimbaji Marashi, aliyeanzia muziki katika mji wao huohuo. Kamera ilimfuata kila mahali: mazoezini, kwenye basi la bendi, hata jikoni kwake akiunguza mayai. Chiriku alipenda hayo ya jikoni kuliko nyimbo. Alitaka kujua mtu maarufu anafanya nini akiwa hafanyi kitu.

Mama naye alikuwa na ugonjwa wake. Kila lilipokaribia jambo alilodhani haliwafai watoto, alishikwa na kiu. "Hebu nileteeni maji ya kunywa," alisema, na wote wawili walitumwa jikoni, mmoja kushika kikombe na mwingine sijui kushika nini. Wakirudi, jambo limeshapita, na maji mama hayanywi.

Siku ya sehemu ya nne, Marashi alionekana katika chumba cha kuvalia, ana kwa ana na mpiga ngoma wake wa miaka mingi. Mpiga ngoma aliinamisha kichwa. Mama akapata kiu. Chiriku aliporudi, onyesho lilikuwa limeanza, na nyuma ya ngoma alikaa kijana mwingine kabisa.

"Mama, yule wa siku zote yuko wapi?"

"Tazama kipindi."

Darasani kwao wengi hawakuwa na televisheni, au walikuwa nayo lakini Jumapili ilikuwa ya baba na mpira. Kwa hiyo kila Jumatatu, wakati wa mapumziko, walimzunguka Chiriku barazani naye akawasimulia kwa mdomo, mikono na miguu. Jina la Chiriku hakulipata bure.

"Kwa nini mpiga ngoma ameondoka?" waliuliza.

Angeweza kusema hajui. Ni neno jepesi, lakini msimulizi aliyezungukwa na wasikilizaji hulitafuta asilione. "Amefukuzwa," akasema. "Alikuja amelewa chakari. Hata fimbo za ngoma zilimdondoka." Akapepesuka kidogo kuwaonyesha.

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Msichana mmoja hakucheka. Alikuwa ameingia shuleni muhula ule, hakuwa na maneno mengi, nao walimwita Mgeni. Aliinuka akaenda zake. Kesho yake hakuja shule, wala keshokutwa yake.

Mwalimu wa darasa alipouliza habari zake, jirani yake wa dawati alijibu, "Yule mpiga ngoma wa Marashi ni baba yake, mwalimu. Sasa watoto wanamwita binti wa mlevi."

Masomo yalipokwisha Chiriku alikwenda moja kwa moja saluni alikofanya kazi mama, akamkuta anamsuka mteja.

"Mama, siku ile ulipopata kiu, tulikosa nini?"

Mama alicheka. "Kumbe mnajua?"

"Hata mdogo wangu anajua."

"Basi nimekwisha," mama akasema, akiendelea kusuka. "Yule mpiga ngoma alikuwa analia. Masikio yake yameharibiwa na kelele za miaka yote hiyo. Alimwambia Marashi anaacha mwenyewe, asije akaiharibia bendi kazi. Mwanamume mzima kulia vile, nikaona mtaogopa."

"Mimi nimewaambia wenzangu alifukuzwa kwa ulevi."

Mikono ya mama ikasimama. Mteja akageuza shingo, akajivuta nywele mwenyewe.

"Nimekosea kuwaficha badala ya kuwaeleza," mama alisema. "Lakini nani alikutuma kuziba pengo langu kwa uongo? Nikimaliza kichwa hiki, tunakwenda kwao."

Walimkuta mpiga ngoma uani, anagongomea mguu wa kiti. Majirani walikuwa wakianua nguo. Chiriku alimwamkia, kisha akanong'ona, "Nimekuja kuomba msamaha."

"Eti?"

"Nimekuja kuomba msamaha. Nilisema uongo."

"Paza sauti, mwanangu. Masikio yangu yamestaafu kabla yangu."

Chiriku alimtazama mama. Mama alikuwa anatazama kiti. Hapakuwa na pa kujificha. "Nilisema darasani kwamba ulifukuzwa kwa sababu ulikuwa umelewa!" alipaza. "Sikuona! Nilitunga!"

Majirani wakageuka, nguo mikononi. Mgeni akatokea mlangoni.

Mpiga ngoma aliweka nyundo chini. "Pombe sijaionja maishani," alisema. "Lakini lililoniuma si jina langu. Ni huyu mwanangu, anayeona aibu kwenda shule kwa sababu yangu."

"Nifanye nini, baba?" Chiriku aliuliza kwa nguvu, machozi yakimtoka.

"Ule uongo uliusema kwa sauti gani?"

"Kubwa."

"Basi na ukweli useme kwa sauti hiyohiyo. Watu hutangaza uongo barazani, halafu ukweli wakaunong'ona uchochoroni. Ukifanya hivyo, uongo ndio unaobaki mjini."

Siku iliyofuata Mgeni alirudi shuleni. Chiriku aliomba ruhusa kwa mwalimu, akasimama mbele ya darasa, akasema yote. Mmoja alimzomea, "Kumbe mwongo!" Iliuma, lakini hakukaa chini mpaka amemaliza. Kisha maswali yakamiminika, safari hii kwa Mgeni. Masikio yanaharibikaje? Baba yake anajuaje mlango umebishwa? Mgeni alieleza kwamba siku hizi baba yake hupiga ngoma polepole, akiweka kiganja juu yake ili ahisi mtetemo. Hakuna aliyecheka.

Jumapili ile mama alikaa na wanawe mpaka mwisho wa kipindi. Palipokuwa pagumu alizima sauti, akawaeleza, akajibu maswali yao.

Jumatatu Chiriku alizungukwa tena barazani. Alifika mahali akanyamaza. "Hapo sikuona. Nilisinzia."

"Si utunge tu," mvulana mmoja akasema.

"Situngi."

Mwalimu alikuwa akipita. Alisimama. "Shikeni neno hilo," alisema. "'Sikuona' halimpunguzii mtu kitu, wala halijawahi kumtoa mwenzenu shuleni."

Mgeni, aliyekuwa amekaa mbele kabisa, akamwambia Chiriku aendelee kuanzia pale alipozinduka usingizini.